Daftari la Babu na Mlango wa Mchapishaji: Uhakiki wa Shajara ya Vita ya Louis Barthas

Fasihi ya vita si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, ulipigwa chapa mwaka 1955 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen, na Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, wa Abdul Karim bin Jamaliddini, ukatolewa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W.H. Whiteley. Tungo hizo zilikuwa na kinga mbili: umbo la utenzi, lililokwisha kukubaliwa kuwa ni sanaa, na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, lililokuwa tayari kuzipokea. Shajara ya vita iliyoandikwa kwa nathari na mtu wa kawaida haina kinga hata moja kati ya hizo. Mjukuu anayeitoa sandukuni huulizwa kwanza ni nani atakayeinunua. Swali hilo lina haki yake, ila huulizwa kabla ya wakati wake. La kwanza ni nani atakayeihariri.

Kisa cha Louis Barthas wa Ufaransa chathibitisha jambo hilo. Barthas, aliyezaliwa mwaka 1879, alikuwa fundi wa mapipa katika kijiji cha Peyriac-Minervois, na elimu yake haikuvuka shule ya msingi. Mwaka 1914 aliitwa vitani akiwa na umri wa miaka 35, akatumika kama koplo katika mahandaki ya Artois, Verdun na Somme. Aliporejea mwaka 1919 alinakili upya maandishi yake katika madaftari 19 ya shule, huku akibandika kadi za posta kandokando ya masimulizi. Alifariki mwaka 1952 bila ya kuyaona kitabuni. Madaftari yakahifadhiwa na jamaa zake, hata mjukuu wake akayakabidhi kwa Rémy Cazals, mwalimu wa historia katika jimbo lile lile. Mwaka 1978 yakatolewa mjini Paris na François Maspero.

Mpangilio wa safari hiyo wastahili kuangaliwa. Daftari halikutoka sandukuni likaingia moja kwa moja katika ofisi ya mchapishaji wa mji mkuu. Lilipitia kwanza mikononi mwa msomi wa karibu, aliyeyajua mazingira ya mwandishi na aliyeweza kueleza thamani ya maandishi hayo. Maspero naye hakuwa mchapishaji asiye na upande. Ndiye aliyekuwa amechapisha Les Damnés de la terre cha Frantz Fanon mwaka 1961. Yumkini mtu akadai kwamba alimchagua Barthas kwa kuwa koplo huyo alikuwa msoshalisti mpinga vita. Hata kama ni hivyo, jina la kitabu lilihifadhi kazi ya mwandishi, fundi wa mapipa, wala halikumvika joho la shujaa wala la nabii. Mchapishaji mwenye msimamo anaweza kulifaa daftari, maadamu msimamo wake haugusi maneno yaliyomo.

Tatizo kubwa zaidi ni la aina ya maandishi yenyewe. Mwaka 1929 Jean Norton Cru, katika Témoins, alivipima vitabu vipatavyo 300 vya mashahidi wa vita hivyo, akitaka kila shahidi aonyeshe tarehe na mahali alipokuwapo. Kwa mizani hiyo kitabu cha Barthas kina nguvu, kwani kinafuata siku na vituo. Lakini kilinakiliwa baada ya vita. Kwa hiyo ni shajara na ni kumbukumbu kwa pamoja. Hilo haliivunji thamani yake. Linamlazimu mhariri kulitangaza, ili msomaji asidhani kwamba kila sentensi iliandikwa handakini.

Mfano bora ni simulizi la Desemba 1915, karibu na Neuville-Saint-Vaast. Mvua iliyafurika mahandaki, Wafaransa na Wajerumani wakalazimika kutoka nje, wakatazamana bila ya kupigana. Barthas alitamani siku moja pajengwe mnara wa kuukumbuka udugu huo. Mnara ulizinduliwa hapo mwaka 2015. Kama madaftari yangalibaki kabatini, ombi hilo lingalikufa pamoja na mwenyewe.

Hata hivyo, umaarufu wa kitabu umezaa kasoro katika usomaji wake. Wako waliomfanya Barthas msemaji wa askari wote, hali wanahistoria wa Ufaransa wamebishana sana kama askari walivumilia vita kwa ridhaa au kwa kushurutishwa. Ushahidi wa mtu mmoja, hata ukiwa wa kweli kiasi gani, haukati shauri hilo. Jamaa wanaomtafutia babu yao mchapishaji hawana haja ya kudai kwamba alisema kwa niaba ya taifa zima. Yatosha kwamba alisema aliyoyaona.

Kwa upande wa Kiswahili, funzo ni la uhariri. Daftari lo lote la namna hiyo likitokea Mrima au bara, litaweza kuwa na lahaja ya mwandishi, tahajia yake mwenyewe, pengine na hati za Kiarabu. Kishawishi kitakuwa kulisawazisha kwa Kiswahili Sanifu ili limpendeze mchapishaji. Akifanya hivyo, mhariri atakuwa amemnyamazisha mwenye daftari kwa kisingizio cha kumsaidia kusema. Unukuzi mwaminifu, pamoja na maelezo ya pembeni, ndio unaopasa kutangulia, na idara za lugha ndizo zenye ujuzi wa kuufanya. Mchapishaji atafutwe baadaye, apelekewe mswada ulio tayari kusomwa na ambao sauti yake bado ni ya marehemu.