Mpasha Ngoma na Fundi wa Singeli

Watu huisifu ngoma wakamsahau aliyeipasha moto. Katika vijiji vya Newala, juu ya uwanda unaokatika ghafla mbele ya bonde la Ruvuma, na kule chini Masasi penye majabali makubwa, ngoma haianzi kwa pigo la kwanza. Huanza pale mtu, aghalabu mkimya, anapokusanya nyasi na majani makavu, akawasha moto mwepesi wa mwale mwingi, akaielekeza ngozi kwenye joto, akaigeuza, akaipapasa kwa kiganja, akaigonga kwa ncha ya kidole huku ametega sikio. Chinganga, ngoma ndogo yenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, ipigwayo kwa vijiti vyembamba, hutaka ngozi ikaze mpaka ilie kwa ukali. Ngoma ya likuti hutaka kiasi chake kingine. Moto ukizidi, ngozi hupasuka. Ukipungua, mchezo wote hudorora. Tena umande ukishuka usiku wa manane ngozi hulegea, na fundi hana budi kurudi motoni.

Kazi hiyo ndiyo itegemewayo na adhama yote ifuatayo: kiuno katika mchezo wa sindimba, na mapiko, ambamo mcheza barakoa hukanyaga, hutetemeka na kukatiza sawia na ngoma, hata mtazamaji asijue nani amtumikiaye mwenziwe. Vinganga hushikilia mwendo wa haraka usiokoma. Ngoma kubwa husema juu yake. Ni kelele, naam, lakini kelele yenye hesabu.

Nayakumbuka hayo kila niusikiapo muziki wa singeli wa Dar es Salaam. Sidai kwamba imezaliwa na sindimba, kwani nasaba yake i katika vigodoro na mchiriku wa uswahilini, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio na kukwaruza katika vipaza sauti vya tarumbeta. Nasema tu kwamba ufundi ni wa aila moja. Katika studio ya Sisso, Mburahati, vijana wenye kompyuta za kawaida huchukua kipande cha taarabu au mlio wowote, wakakikata, wakakizungusha, wakakikimbiza hadi mapigo 200, pengine 300 kwa dakika, mpaka sauti ifike ukingoni mwa kupasuka, na hapo ndipo wanapoisimamisha. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na Ulaya, ambako kundi la Throbbing Gristle lilikuwa limeanzisha lebo ya Industrial Records tangu mwaka 1976 na kuufanya muungurumo wa mitambo kuwa muziki, wasikilizaji walistaajabu. Walistaajabu zaidi, nadhani, kwa sababu kule kelele ya kiwanda ilikuwa ya kutisha na kuhuzunisha, ilhali Manzese na Tandale huichezea harusini.

Wako waungwana waiitao singeli uhuni. Sindimba nayo imepata kutuhumiwa utovu wa adabu, kisha ikapandishwa jukwaani mbele ya wageni wa taifa, huku waliokuwa wakiisema wakipiga makofi. Sina haja ya kuwagombeza. Masikio yao yatachoka kabla ya miguu ya vijana.

Dosari moja, hata hivyo, naiona kwa hao wa kompyuta: mdundo wao haulegei kwa umande. Ukishatengenezwa, usiku mzima ni ule ule, na fundi anaweza kusinzia. Natamani mmoja wao apande Newala baada ya mauzo ya korosho, wakati wa sherehe za jando, asiende na kinasa sauti kuiba pigo la chinganga, bali akae kando ya yule mpasha ngoma, arudi naye motoni kila ngozi inapolegea. Na mzee, akipenda, naye ashike kipanya cha kompyuta aone kama mashine ina mahali pa kupapaswa.