Kura Ndiyo Kazi Ndogo: Jinsi Chama cha Wanafunzi Kinavyojitoa Kwenye Shirikisho

Kuanzia tarehe 18 hadi 20 Machi 2008, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, karibu na jiji la Vancouver nchini Kanada, walipiga kura kuamua kama chama chao kibaki katika Shirikisho la Wanafunzi wa Kanada au kijitoe. Takriban thuluthi mbili walitaka kutoka. Kwa hesabu ya kawaida mambo yalikuwa yamekwisha. Shirikisho likajibu kuwa kura ile haikufuata kanuni zake, kwa hiyo chama bado ni mwanachama. Wakafikishana mahakamani, na karibu miaka minne ikapita kabla hawajamalizana nje ya mahakama.

Pengo lile la 33% kwa 67% lilikuwa kubwa, na hakuna kura ya marudio ambayo ingelifuta kirahisi. Kwa nini basi halikutosha? Jibu linapatikana kwenye vifungu vya kanuni ambavyo wanafunzi wengi hawavisomi mpaka siku wanapotaka kuondoka.

Tuanze na muundo wenyewe. Shirikisho hilo liliundwa mwaka 1981, na kanuni zake zinatambua uanachama wa aina mbili kwa pamoja: chama cha chuo ni mwanachama, na kila mwanafunzi wa chuo hicho pia ni mwanachama kwa jina lake. Ada hutozwa pamoja na karo, chama cha chuo huipokea, kisha huipeleka juu. Matokeo yake ni kwamba viongozi wa chama hawawezi kukaa kikao Jumatatu usiku na kutangaza Jumanne asubuhi kuwa wametoka. Uanachama si wao wa kuuvunja. Ni wa wanafunzi, na wanafunzi ndio wa kuulizwa.

Hoja hiyo ina nguvu na sioni sababu ya kuibeza. Uongozi wa wanafunzi hubadilika kila mwaka, na shirikisho ambalo wanachama wake huingia na kutoka kila uongozi mpya unapoapishwa halitakuwa na uzito wowote mbele ya waziri wa elimu. Pale Simon Fraser kwenyewe, mwaka 2006 wanachama walikuwa wamewaondoa madarakani viongozi wao, na waliokuja baadaye ndio waliosukuma suala la kujitoa. Mtu wa shirikisho angekuwa na haki ya kuuliza: hili ni takwa la wanafunzi, au ni hasira za kundi lililoshinda uchaguzi?

Tatizo ni kilichojengwa juu ya hoja hiyo nzuri. Kwanza saini: asilimia 10 ya wanafunzi wa chuo walitakiwa kusaini ombi la kutaka kura ya maoni. Kisha taarifa rasmi ipelekwe makao makuu kwa barua ya rejista, miezi kadhaa kabla ya siku ya kura. Kampeni kabla ya muda ilikuwa marufuku, na kila bango na kipeperushi kililazimika kupitishwa kwanza. Ada yote inayodaiwa iwe imelipwa wiki zisizopungua 6 kabla ya kura. Ukikosa hatua moja, kazi nzima inaweza kutiliwa shaka, hata kama vituo vya kura vilifurika watu.

Hatua iliyowakwamisha Simon Fraser ni kamati ya usimamizi. Kanuni zilitaka kura isimamiwe na watu 4, wawili wa chama cha chuo na wawili wa shirikisho. Kamati hiyo ndiyo iliyopanga kila kitu: kura ipigweje, vituo viwe wapi na vingapi, swali liandikwe kwa maneno gani, kipeperushi kipi kipite, nani ahesabu, na malalamiko yaamuliwe vipi. Fikiria Simba na Yanga wanacheza, kila klabu imeleta marefa wawili, na hakuna wa tano. Nani atapuliza penalti?

Kamati ikakwama, kama ilivyotazamiwa. Mwaka ule pande zote mbili zilijua zinachotaka, na wajumbe waliteuliwa kulinda wanachotaka waliowateua. Siku za kura zikakaribia bila makubaliano juu ya mambo ya msingi, na chama cha Simon Fraser kikaamua kuikabidhi kazi hiyo kwa tume yake huru ya uchaguzi, ileile inayosimamia chaguzi zake za kila mwaka. Kwa macho ya wanafunzi huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kwa macho ya mwanasheria wa shirikisho, ilikuwa zawadi. Kura iliyosimamiwa na chombo kisichotajwa kwenye kanuni si kura kwa mujibu wa kanuni, na asilimia 67 ya kitu kisichotambulika ni sawa na bure.

Hapa ndipo ufundi wa jambo ulipo. Kamati ya watu 4 isiyo na mwamuzi inaonekana ya haki, maana kila upande una nafasi sawa. Lakini kukwama hakuwaumizi wote sawa. Kura isipofanyika, au ikifanyika kwa utata, hali inabaki kama ilivyokuwa, na hali iliyokuwapo ni uanachama. Kwa hiyo sare ni ushindi wa shirikisho. Haihitaji mtu mwenye nia mbaya; kinachohitajika ni wajumbe wawili wasiokuwa na haraka.

Kipengele cha madeni nacho kina utamu wake. Chama cha wanafunzi wa Concordia, jijini Montreal, kilipokuwa kinaelekea kwenye kura yake ya mwaka 2010, shirikisho lilikiambia kwamba kinadaiwa zaidi ya dola milioni 1 za Kanada. Chama kikalipinga deni hilo. Sasa rudi kwenye kanuni: ada zilipwe kabla ya kura. Anayesema unadaiwa kiasi gani ni yuleyule unayetaka kuachana naye. Wanafunzi walipiga kura hata hivyo, zaidi ya asilimia 70 wakachagua kutoka, na suala likaishia kwa mawakili. Mwaka huohuo kule Guelph, Ontario, kura yenyewe ilifanyika baada ya amri ya mahakama. Huko pia wengi walichagua kutoka, na huko pia shauri likaendelea hadi rufaa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2009, vuguvugu la kujitoa lilikuwa limepamba moto. Wanafunzi wa vyuo zaidi ya kumi walikuwa wakikusanya saini kwa wakati mmoja. Novemba mwaka huo, kwenye mkutano mkuu wa shirikisho, ikapita hoja iliyobadilisha kanuni: saini zinazotakiwa zipande kutoka asilimia 10 hadi 20, na zisiruhusiwe kura za kujitoa zaidi ya mbili nchi nzima ndani ya kila miezi 3.

Piga hesabu. Chuo chenye wanafunzi 20,000 kilihitaji saini 2,000. Baada ya mabadiliko hayo kilihitaji 4,000. Si rahisi kupata watu 4,000 wasimame kwenye korido, waandike jina na namba ya usajili, halafu waendelee na vipindi. Na hata vyuo kumi vingefaulu vyote mwezi mmoja, kwa kura mbili kila miezi 3 cha mwisho kingesubiri mwaka mmoja au zaidi. Waliokusanya zile saini wangekuwa wamehitimu. Sijaona silaha iliyo kali kuliko kalenda kwenye siasa za vyuo, kwa sababu mwanafunzi ni mpita njia na ofisi ya shirikisho haiendi popote.

Uingereza walichukua njia nyingine. Muungano wa Taifa wa Wanafunzi upo tangu 1922, na sheria ya elimu ya mwaka 1994 iliweka masharti ya kujitoa nje kabisa ya mikono yake. Kila chama cha wanafunzi lazima kiwape wanachama wake orodha ya mashirika kilichojiunga nayo ili waiidhinishe angalau mara moja kwa mwaka. Na kiwango cha wanaoweza kudai kura ya siri juu ya shirika lolote kisizidi asilimia 5. Kisizidi: bunge liliweka dari, wakati Kanada shirikisho lenyewe liliweka sakafu na kisha kuipandisha.

Ndiyo maana mwaka 2016, baada ya uchaguzi wa rais mpya wa muungano huo kuzua mabishano makubwa, vyuo vingi viliweza kupiga kura ndani ya wiki chache. Lincoln ilitoka kwa kura 881 dhidi ya 804. Exeter ilibaki kwa 2,690 dhidi ya 2,546. Kote tofauti ilikuwa ndogo, na hakuna aliyehitaji jaji kumwambia kama yumo au hayumo. Mtu anaweza kulalamika kwamba kura 1,685 ni chache mno kuamulia chuo kizima, na ningekubaliana naye, lakini hilo ni suala la akidi, si la mlango wa kutokea.

Njia ya Uingereza nayo ina matundu. Oxford walipiga kura mwaka 2014, na tangazo la kwanza lilisema wametoka: 1,780 dhidi ya 1,652. Kura ilipigwa kwa mtandao, kila mwanafunzi akiwa na namba yake ya siri, na namba za akiba zikiwa zimetengwa kwa ajili ya watakaopoteza zao. Uchunguzi ulibaini kuwa namba za akiba takriban 1,000 zilikuwa zimetumika kupiga kura za kutoka. Matokeo yakafutwa na Oxford ikabaki. Angalia mahali pa uvunjaji: hapakuwa kwenye kampeni wala kwenye saini, bali kwenye kile kifungu kidogo cha huruma kwa waliopoteza namba. Yeyote anayeandaa kura ya namna hii aanze kwa kuuliza namba za akiba ni ngapi, ziko kwa nani, na nani anazihesabu baada ya kura kufungwa.

Turudi Kanada tumalizie hadithi. Vyama vya mkoa wa British Columbia, kilipo Chuo cha Simon Fraser, ambavyo mwaka 2008 vilikuwa upande wa shirikisho navyo vilikuja kukosana na makao makuu miaka iliyofuata, vikaunda jumuiya yao ya mkoa. Juni 2018, mkutano mkuu wa taifa ulipitisha hoja ya kuviondoa kwa mpigo. Vyama hivyo vikawa nje bila mwanafunzi hata mmoja kusimamishwa kwenye korido atie saini, bila kamati ya watu 4, na bila kituo kimoja cha kura kufunguliwa.