Belo Lisilofunguliwa

Mwaka 2005 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Georgetown huko Marekani, Bibi Pietra Rivoli, alitoa kitabu kiitwacho The Travels of a T-Shirt in the Global Economy. Toleo la pili lilifuata mwaka 2009. Ni kitabu cha uchumi kilichoandikwa kama hadithi. Mwandishi ananunua fulana ya bei rahisi dukani Florida, kisha anauliza imetoka wapi na itakwenda wapi. Anafika Texas inakolimwa pamba, anafika Shanghai inakoshonwa fulana, na mwisho anafika Manzese, Dar es Salaam, ambako fulana zilizokwisha kuvaliwa Marekani zinauzwa mitumba. Mwanangu aliniletea nakala, nami nimeisoma mara mbili hapa Magoma, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi kama nilivyozoea kusahihisha madaftari.

Nianze na sifa, maana anazistahili. Wengi wanaoandika juu ya mitumba huiona ama kama sadaka ama kama balaa. Bibi huyu ameiona kuwa ni kazi. Ametambua kwamba katika mitumba hakuna nguo mbili zilizo sawa, na kwamba mwuzaji asiyejua kuchambua, kupanga na kukadiria bei ya kila moja hatamaliza mwezi sokoni. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye gulio letu akamtazama mama mmoja akiinua blauzi, akaigeuza mshono, akaitajia bei kwa pumzi moja, atakiri kuwa hayo ni kweli.

Liko jambo ambalo mgeni huyo simlaumu kwa kutolitaja. Neno mtumba ni la zamani kuliko biashara hii. Lilikuwa mzigo wa mpagazi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani kuelekea bara ilibeba mitumba ya kitambaa kilichoitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani, nacho kilitumika kama fedha. Basi nguo za Wamarekani zimekuwa zikipita njia za huku tangu enzi za mababu zetu. Tofauti ni kwamba zile zilikuwa mpya.

Sasa nije kwenye hoja yake kuu. Bibi Rivoli anasema kwamba katika safari nzima fulana haikutani na soko huru hasa. Mkulima wa Texas analindwa na ruzuku ya serikali yake, na viwanda vya nguo vinalindwa na sheria za kuzuia bidhaa za nje. Ni mwisho kabisa, anasema, kwenye mitumba, ndipo fulana inapouzwa na kununuliwa pasipo mkono wa serikali kuishika. Hoja hii imesifiwa sana. Mimi naona imekosa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kinachowaumiza watu ninaowafahamu.

Mpwa wangu aishiye Marekani alinieleza jinsi watu wa huko wanavyouza nguo walizozichoka. Yako maduka maalumu, mojawapo likiitwa Buffalo Exchange, lililoanzia Tucson, Arizona, mwaka 1974. Mwenye nguo anapeleka mfuko wake kaunta. Mnunuzi wa duka anatoa nguo moja moja, anaitazama kola, zipu na kwapa, kisha anatenga anazozitaka. Mwenye nguo hulipwa sehemu ya bei itakayouzwa, taslimu, au thamani kubwa zaidi akikubali kuchukua bidhaa za humo dukani. Zilizokataliwa anarudi nazo, ama anazitoa sadaka. Nyingi za sadaka hizo hazipati mnunuzi hukohuko, ndipo huuzwa kwa uzito kwa makampuni ya kuchambua, na sehemu yake hufungwa mabelo ya kuja kwetu.

Ndugu msomaji, tazama mpangilio huo kama mtihani. Duka la Tucson linaruhusiwa kusoma kila karatasi kabla ya kutoa alama. Mchambuzi naye anasoma. Lakini mama wa gulio la Magoma, ambaye mtaji wake wote ni fedha ya mahindi na mkopo wa kikundi, anapewa bahasha iliyofungwa na kuambiwa alipe kwanza. Belo la kilo 45 halifunguliwi dukani. Limeandikwa ubavuni aina ya nguo, na pengine daraja. Likishakatwa kamba, lililomo ni lako.

Sisi wa bonde hili la Lwengera tunajua mabelo, ingawa tulizoea kuyaita marobota. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yamefunga marobota ya katani, la kilo 250 kila moja, tangu kabla sijazaliwa. Katani ile ilipangwa kwa urefu, rangi na usafi wa nyuzi, na kila daraja lilikuwa na jina lake, hata lile la chini kabisa. Robota lisilolingana na daraja lake lilishushwa bei au likakataliwa, na aliyekataa alikuwa Mzungu mnunuzi. Kwa hiyo mali ikitoka hapa kwenda kwao, jicho la kukagua ni lao. Ikitoka kwao kuja hapa, jicho ni lao vilevile. Hilo sijaliona likijadiliwa katika kitabu hiki chenye kurasa nyingi.

Nilimfundisha darasa la nne mama mmoja ambaye sasa anauza mitumba. Mwaka juzi alinunua kwa muuzaji wa jumla mjini belo lililoandikwa nguo za watoto. Ndani mlikuwa na majaketi mazito ya baridi, na chini yake vitu vilivyopauka. Magoma ni joto, hata mbuzi wanatafuta kivuli saa nne asubuhi. Nilipompa pole alinijibu, "Shikamoo Mwalimu, mimi nimeshazoea, ila ada ya mtoto haijazoea." Akakodi pikipiki, akayapandisha majaketi Bumbuli, ambako mwezi wa saba watu huvaa makoti. Aliokoa nusu ya fedha. Bibi Rivoli angemsifu kwa wepesi wake, na ningemwunga mkono. Lakini wepesi huo ulilipia kosa ambalo mtu mwingine alilifanya, naye hakulipia chochote.

Hata huo uhuru wa soko umekwisha kujaribiwa tangu kitabu kitoke. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kililalamika kwa serikali yao, na nchi zetu zikatishiwa kunyimwa nafuu za AGOA. Kenya ilirudi nyuma, Uganda na Tanzania pia. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha wa ushuru wa Marekani. Mkono wa serikali ulikuwapo siku zote, ila ulikuwa mfukoni.

Sisemi haya ili nijiunge na wanaotaka marufuku. Nilikuwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968, kilikuwapo, na vingine vilikuwapo, lakini vipuri na fedha za kigeni havikuwapo. Walimu wangu walisimama ubaoni na suruali zenye viraka, na ilipofika kuandika sehemu ya chini ya ubao waliandika wakiwa wameligeukia darasa. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984 na miaka iliyofuata, viraka vilitoweka. Asiyekumbuka hayo na azungumze taratibu.

Kama litakuja toleo jingine, ningemwomba mwandishi asiishie Manzese. Apande basi, ashuke Korogwe, aje na gari la gulio mpaka hapa, asimame karibu wakati kamba ya belo inakatwa. Ahesabu mwenyewe nguo ngapi zinafaa kuvaliwa na ngapi ni za kupigia deki, halafu aulize kwa nini mnunuzi wa Tucson aliruhusiwa kuhesabu kabla ya kulipa.