Rangi ya Maji Imeingia Bafuni, na Migombani Kumekucha

Jamani, iguseni kwanza! Ukuta wa bafu, Marangu, asubuhi ya baridi, shawa ya umeme imetoka kuzimwa sasa hivi, mvuke umetanda mpaka kioo hakimwonyeshi mtu. Matone yanateleza juu ya rangi, yanashuka mpaka sakafuni, na hayaachi mchirizi. Napitisha kiganja: hainati. Nanusa: hakuna harufu. Na hii ni rangi ya maji! Rangi ya maji bafuni, huku kwetu ambako mafundi wameapa miaka nenda rudi kwamba bafu lisilopigwa rangi ya mafuta ni hela iliyotupwa.

Ninayoisifia ni silki. Ni rangi ya maji yenye mng'ao wa wastani, inayooshwa kwa kitambaa na sabuni, na ndani yake imetiwa dawa ya kuzuia kuvu. Rafu za maduka ya vifaa vya ujenzi Moshi mjini zimejaa makopo, ya Coral, ya Goldstar, na mengine. Usitekwe na jina wala na picha ya nyumba nzuri kwenye kopo. Mwambie muuzaji akuonyeshe palipoandikwa kwamba inaoshwa, kwamba inazuia kuvu na kwamba inafaa bafuni. Asipokuonyesha, mrudishie kopo lake.

Kwa nini nimepagawa hivi? Kwa sababu milimani bafu ni vita. Moshi mjini tupo kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Himo ukapandisha Marangu, mwendo wa kilomita 40 hivi, umeshavuka mita 1,300. Masika yananyesha Machi hadi Mei, na yakikatika, Juni na Julai wingu linakaa juu ya migomba kama shuka lililosahaulika kwenye kamba. Ukuta wa tofali unalala baridi usiku kucha. Asubuhi unafungulia maji ya moto, hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi, inaukuta ukuta wa baridi, na mvuke unageuka maji palepale. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo: maji kidogo, vumbi kidogo, povu la sabuni lililogandia ukutani.

Halafu kuna jambo letu wenyewe, Wachagga. Nyumba ya kijijini inajengwa nzuri, inafungwa Januari, inafunguliwa Desemba watoto wanapopanda kutoka Dar kuja kula Krismasi. Miezi yote hiyo dirisha la bafu halifunguliwi hata siku moja! Mnafika na mabegi na mbuzi, mama mwenye nyumba anasukuma mlango wa bafu, silingi ina madoa meusi kama imemwagiwa wino. Anaitwa fundi mbiombio, anapiga rangi ya mafuta juu ya kuvu ileile, tarehe 22, ukuta ukiwa bado na maji ya vuli. Desemba nyingine mkirudi, rangi imevimba malengelenge.

Rangi ya mafuta ina sifa zake, siwezi kuinyang'anya. Inang'aa, haipenyezi maji. Ila hapohapo ndipo inapoumbuka: unyevu uliomo ndani ya lipu ukitaka kutoka, unaikuta imeziba njia, unaisukuma mpaka inabanduka. Kwenye lipu mpya mambo ni mabaya zaidi, maana simenti ina ukali wa alikali unaoyala mafuta ya rangi na kuyageuza kitu kama sabuni. Silki inauacha ukuta upumue kidogo huku ikizuia maji ya nje. Haigeuki njano bafuni kwenye giza. Na brashi unaosha kwa maji ya bomba, hakuna kutafuta tina!

Hili la ukuta kupumua, wazee wa pwani walilijua kwa njia yao. Mabafu ya Hamamni kule Mji Mkongwe, Zanzibar, ya enzi za Sultani Barghash, yalipakwa chokaa, na chokaa inapumua, tena ukali wake kuvu haiupendi. Leo nani ana subira ya chokaa?

Sasa nisikilize vizuri, maana rangi hii ni malkia juu ya ukuta mkavu na ni maskini juu ya ukuta uliolowa. Chukua kipande cha nailoni safi, ukubwa wa karatasi ya kuandikia mara mbili, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kikae usiku na mchana. Ukibandua ukakuta jasho upande wa ukutani, maji yapo ndani ya ukuta: tafuta bomba linalovuja au bati lililotoboka kwanza. Lipu mpya ipewe wiki 4, na huku juu kwenye ukungu iongezewe. Kuvu iliyopo iuliwe kwa jiki iliyochanganywa na maji, dirisha likiwa wazi na mikono ikiwa ndani ya glavu, kisha isuuzwe na ukuta ukauke. Usichanganye jiki na siki wala na dawa nyingine ya choo. Gesi inayotoka ni sumu.

Panapohitaji puti, kataa ile ya unga wa jipsamu ambayo mafundi wanaipenda kwa sababu inalainika vizuri sebuleni. Bafuni inanyonya maji na kuwa uji. Omba ya simenti. Na kama ukuta una rangi ya mafuta ya zamani, isuguliwe kwa msasa wa maji, siyo mkavu, watoto wakiwa mbali: shirika la AGENDA la Dar es Salaam limewahi kupima rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa nchini na kukuta risasi, na vumbi la risasi linaharibu ubongo wa mtoto.

Baada ya hapo ni raha tupu. Praima ya kuhimili alikali, mkono mmoja. Kisha silki mikono miwili, pembe kwa brashi ya inchi 2 na katikati kwa rola ya manyoya mafupi. Inavyotambaa! Rola inapita, nyuma yake mistari inajifuta yenyewe. Fundi aliyekuwa amenuna tangu asubuhi kwa kunyimwa mafuta yake alisimama, akainamisha kichwa kutazama mwanga wa dirishani, akasema, "Dada, hii imekubali." Kopo linaweza kusema saa 4 kati ya mkono na mkono, lakini Marangu lala, umalizie kesho.

Hela haiumi sana. Bafu la mita 2 kwa 1.5, kimo mita 2.4, lina kuta za mita za mraba kama 17, na silingi 3. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha mikono miwili, na ukiwa na marumaru chini inabaki.

Dosari? Zipo. Ukioga kabla rangi haijakomaa, michirizi ya kahawia inayonata inajitokeza. Inafutika kwa maji, lakini inakera. Ipe wiki 2 kabla ya kuisugua. Pale shawa inapomwagika moja kwa moja, weka marumaru, rangi siyo ngao. Na dawa ya kuvu haidumu milele, wala haishindi dirisha lililofungwa mwaka mzima.

Hukumu yangu: nunua. Ila piga Januari, Februari au Septemba, ukuta ukiwa mkavu, siyo tarehe 22 Desemba. Na anayebaki kijijini mwachie ufunguo wa bafu, afungue dirisha kila wiki.