Kusoma Ardhi Iliyojaa Chuma: Kigunduzi cha Metali Ukambani

Kigunduzi cha metali ukikipitisha kando ya reli ya zamani kati ya Mtito Andei na Emali, hakinyamazi. Boliti, vipande vya mataruma, waya, vizibo vya soda, makopo, mabati yaliyoliwa na kutu: kila hatua ina mlio. Anayetafuta sarafu au risasi za zamani huchoka haraka, akageuza kitufe cha kuchuja chuma. Masikio yanapumzika, naye anasubiri shaba na fedha zijitokeze zenyewe.

Mahali pengine huenda njia hiyo ikamfaa mtafutaji. Katika kaunti za Makueni na Kitui inampotosha mara mbili. Kwanza, kichujio huzima pia shaba iliyolala jirani na chuma. Pili, chuma chenyewe ndicho kimebeba sehemu kubwa ya historia ya Ukambani.

Chuma hicho kilitoka wapi

Makueni ilipitiwa na njia mbili kubwa katika muda wa miaka kumi hivi. Ya kwanza ni barabara ya mikokoteni ya ng'ombe ya Mackinnon-Sclater, iliyoanzwa 1890 na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ilipita Kibwezi, ambako wamisionari wa Kiskoti waliweka kituo 1891 kabla ya kuhamia Kikuyu 1898. Ya pili ni Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa 1896 na kufika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Kambi za wajenzi zilisogea pamoja na reli, na kila zilipong'olewa ziliacha misumari, pete za mapipa, makopo na vifaa vilivyovunjika.

Kitui ina tabaka la zamani zaidi. Mmisionari Krapf alipofika huko 1849 na kupokelewa na Kivoi, kiongozi wa misafara, Wakamba walikuwa tayari wafanyabiashara wakubwa wa masafa marefu, wakipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Wahunzi wao walifua vichwa vya mishale, mashoka, njuga na mikufu myembamba. Palipoyeyushwa chuma pana mavi ya chuma, vipande vya kewa za udongo (mirija ya mivuo) na makaa. Kwa mtu wa kigunduzi, mavi hayo ni usumbufu. Kwa mwanahistoria, ni ushahidi wa kiwanda.

Mashine inasikia nini

Koili ya kigunduzi hutoa uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukifikia metali, huzaa ndani yake mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo hutoa uga wake. Koili ya kupokea huusikia uga huo ukiwa umechelewa kidogo. Kiasi cha kuchelewa hutofautiana kati ya fedha, shaba na karatasi ya aluminiamu. Chuma kina tabia mbili kwa pamoja: kinapitisha umeme, na pia kinashika sumaku. Kichujio hutumia tofauti hiyo kuamua kipi kilie na kipi kinyamazishwe.

Shida huanza vitu viwili vinapokuwa chini ya koili kwa wakati mmoja. Mashine haipati majibu mawili. Inapata mchanganyiko mmoja, na chuma kikiwa kikubwa au karibu zaidi, mchanganyiko huo husomeka kuwa chuma. Ni sawa na kumsikiliza mzee mwenye sauti ndogo kando ya kinu cha posho: hajanyamaza, ila neno lake halikufikii.

Tatizo hili lina umri sawa na chombo chenyewe. Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi Julai 1881, Alexander Graham Bell aliletwa na kifaa chake cha kutafuta risasi mwilini. Kitanda kilikuwa na waya za chuma, nazo zikavuruga usikivu wa kifaa. Isitoshe, daktari mkuu alimwelekeza Bell upande wa kulia wa mwili, na risasi ilikuwa kushoto. Makosa yote mawili bado hurudiwa mashambani: kutojua chuma kilichopo karibu, na kutafuta pale tu unapoambiwa patafutwe.

Udongo nao una sauti

Ukambani huongeza ugumu wa pili. Upande wa Kibwezi na Chyulu, mawe meusi ya volkano yana madini yanayoshika sumaku. Kitui ina miamba ya kale, na kwenye mikondo ya mito utaona michirizi ya mchanga mweusi. Weka sumaku hapo na utanyanyua chembe za magnetaiti. Ndiyo malighafi waliyoitumia wahunzi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kutafuta chochote, ni kuisawazisha mashine na ardhi. Tafuta kipande kisicho na metali, inua na kushusha koili mara kadhaa, rekebisha hadi mlio wa udongo ufifie, kisha rudia kila rangi ya udongo inapobadilika. Ukitoka kwenye udongo mwekundu wa shamba ukaingia kwenye changarawe ya volkano bila kusawazisha upya, mashine italia kwa jiwe na kunyamaza kwa sarafu.

Namna ya kufanya kazi kwenye chuma kingi

Anza na koili ndogo, ya inchi 5 au 6. Koili kubwa ya inchi 11 hufika kina zaidi, lakini hukusanya misumari mitano kwa mkupuo mmoja. Koili ndogo hutenganisha vitu. Unapoteza kina na kupata nafasi kati ya chuma na chuma, na kwenye eneo la takataka nafasi hiyo ndiyo yenye faida.

Punguza uchujaji hadi karibu na sifuri. Acha chuma kilie kwa sauti nzito ya chini, na metali nyingine zilie juu. Ubongo wa binadamu hujifunza haraka kusikia mlio mfupi wa juu katikati ya mngurumo. Mashine iliyoambiwa inyamaze haina cha kukuonyesha. Kama ina mpangilio wa kasi ya kurejea baada ya kila mlio, uweke juu, ili ikimaliza msumari iwahi kusikia kilicho kando yake.

Pitisha koili polepole, ikikaribia kugusa ardhi, kila mpito ukipanda juu ya uliotangulia. Ukimaliza mraba, urudie kwa mwelekeo mwingine, nyuzi 90. Msumari ulalao mashariki na magharibi unaweza kuficha risasi ukitembea upande mmoja na kuiachia ukitembea upande wa pili.

Jaribio dogo mezani linaonyesha haya yote. Weka pete ya shaba juu ya meza ya mbao: mlio ni safi. Weka msumari wa inchi 4 kando yake, umbali wa vidole viwili, na uwashe kichujio: mara nyingi mlio hupotea. Zima kichujio, badilisha koili, zungusha msumari taratibu. Kuna pembe ambayo shaba hurudi, dhaifu na ya kukatika. Mlio huo uliokatika ndio wa kufuatwa shambani, na wengi huupita wakiudhani kosa la mashine.

Kuna pia chuma kinachojifanya shaba. Bati, kizibo cha chupa na jembe lililoisha vina uso mpana ambamo mikondo huzunguka vizuri, hivyo hulia juu. Zunguka kitu hicho ukiwa na koili. Shaba ya kweli hubaki mahali pake na sauti yake haibadiliki. Bati huhama, hukatika au hurudi kwenye mngurumo. Kuwa mwangalifu pia na sauti za katikati. Senti za aluminiamu za 1907 na 1908 hulia kwa namna inayokaribiana na karatasi ya aluminiamu ya pakiti ya sigara. Anayezima sauti ya karatasi amezizima pia hizo.

Mfano ulio wazi zaidi ni mkufu wa Kikamba. Mashine haiuoni kama kitu kimoja kirefu. Inaona pete moja moja, kila moja ndogo mno kuzaa mkondo wa kutosha. Mkufu wa shaba unaweza kutoa mnong'ono tu. Mkufu wa chuma, kazi ya mikono iliyohitaji ustadi wa hali ya juu, utaondolewa na kichujio pamoja na vizibo vya soda.

Mahali kazi hii ilipofanywa vizuri

Kazi iliyobadilisha matumizi ya vigunduzi katika akiolojia ilifanywa Little Bighorn, Montana, 1984 na 1985, baada ya moto wa 1983 kuteketeza nyasi za uwanja huo wa vita wa 1876. Douglas Scott na Richard Fox walipanga watu wa vigunduzi kwa mstari, mita 5 hivi kati ya mtu na mtu. Kundi la kwanza lilisikiliza na kuweka bendera bila kuchimba. La pili lilichimba kwa uangalifu na kuacha kitu mahali pake. La tatu lilipima mahali, kina na uelekeo, ndipo kitu kikatolewa.

Hawakudharau chuma. Walichukua vichwa vya mishale vya chuma na misumari ya viatu kama walivyochukua maganda ya risasi. Alama za pini ya bunduki kwenye maganda zilionyesha bunduki moja ilihama kutoka wapi hadi wapi, na mwendo wa vita ukaweza kufuatwa. Maarifa hayo yalitokana na mahali kila kitu kilipokuwa. Ganda lililo kwenye mfuko wa mtu, bila ramani, halingesema lolote kati ya hayo.

Mbinu hiyo inafaa nyika ya Tsavo na reli yake. Kati ya 1914 na 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, makundi madogo ya wanajeshi wa upande wa Wajerumani yalivuka mpaka kuja kulipua reli. Waingereza walitumia risasi za .303, ilhali askari wengi wa Kijerumani mwanzoni mwa vita walibeba bunduki za mtindo wa 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya moshi. Maganda ya aina mbili yakiwekwa kwenye ramani, yanaonyesha nani alisimama wapi. Ukikuta kombora ambalo halikulipuka, usiliguse. Ondoka na uite polisi.

Kwa mavi ya chuma ya Kitui, kanuni ni kali zaidi: weka bendera, hesabu milio, chora ramani, usichimbe. Makaa yaliyomo yanaweza kupimwa umri kwa kaboni, lakini yakishavurugwa kipimo hicho hakiaminiki tena.

Sheria na hatari iliyopo

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya ya 2006 inataka kibali kwa yeyote anayechunguza mabaki ya kale, na inamtaka aliyeyagundua kutoa taarifa ndani ya siku 7. Kwa vitu vinavyohamishika, mpaka wa ukale umewekwa mwaka wa 1895. Mpaka huo unaangukia katikati ya hadithi ya Makueni: kitu cha msafara au cha miaka ya mwanzo ya barabara kiko upande mmoja, boliti ya reli ya 1898 iko upande mwingine. Boliti hiyo haina thamani ila ya kilo kwa muuzaji wa vyuma kuukuu. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikiwemo ya umeme. Kambi za wajenzi hazina mlinzi.

Kaunti hizi mbili zingeweza kushirikiana na Makumbusho ya Taifa kupima maeneo machache kabla trekta la barabara mpya halijafika: Kibwezi, stesheni za zamani za reli, na kingo za mito ya Kitui palipo na mavi ya chuma. Vifaa vinavyohitajika si ghali: koili ndogo, bendera za rangi mbili, simu yenye GPS, daftari, na vijana waliofundishwa kusubiri. Sharti la kwanza la mafunzo hayo liwe kuacha chuma kilie, na kukiandika.