Cheo Kinakaa kwa Nani? Hesabu za Vita katika Civilization

Kwenye kijiwe cha drafti, iwe Nyasubi mjini Kahama au kokote nchini, mchezo hubadilika kwa kitendo kidogo sana: kizibo cha soda kinageuzwa. Kilianza kama kete ya kawaida, kikisogea mbele hatua moja moja. Sasa kimefika mstari wa mwisho wa adui, kimekuwa kingi, na kinateleza mshazari mbele na nyuma kadiri njia inavyoruhusu. Ubaoni hakuna kete mpya iliyoongezwa. Kilichoongezeka ni cheo. Na kingi huyo akiliwa, cheo chake kinamfuata kwenye rundo la vizibo vilivyotolewa.

Michezo ya mikakati ya kompyuta imejengwa juu ya wazo hilohilo, ila imeongeza swali ambalo drafti hailiulizi: uzoefu wa vita ukae kwa askari mwenyewe, au kwa anayemwongoza? Civilization, mfululizo ulioanzishwa na Sid Meier mwaka 1991, umelijibu kwa njia mbili tofauti kabisa. Toleo la sita, lililotoka Oktoba 2016, linampa askari. Toleo la saba, la Februari 2025, limemnyang'anya askari na kumpa kamanda.

Kabla ya vyeo, hesabu. Katika toleo la sita kila kikosi kina uhai wa alama 100 na namba ya nguvu. Mpiganaji wa rungu, askari wa kwanza ambaye mchezaji huanza naye, ana nguvu 20. Wawili wa aina hiyo wakikutana kwenye tambarare, wote wazima, kila mmoja humpunguzia mwenzake alama 30 hivi, bahati ikipandisha au kushusha kidogo. Kinachoamua ni tofauti ya nguvu kati yao, wala si ukubwa wa nguvu zenyewe: wenye 20 kwa 20 huumizana sawasawa na wenye 80 kwa 80.

Tofauti ikianza kufunguka ndipo mambo yanapowaka. Kila pointi moja huongeza madhara kwa asilimia 4 hivi, juu ya yale yaliyokwisha kuongezeka, kama mkopo ambao riba yake nayo inatozwa riba. Tofauti ya 10 huifanya ile 30 kuwa 45. Tofauti ya 20 huifikisha 67. Ikifika 30, pigo moja linakaribia alama 100, yaani kikosi kizima kinaondoka kwa shambulio moja. Ndiyo maana nyongeza zinazoonekana ndogo, 2 hapa na 3 pale, hazipaswi kudharauliwa.

Mfano uko hivi. Mpiganaji wa rungu amepanda kilima, na kilima kinampa nyongeza ya 3 anapojihami. Amekaa hapo zamu mbili akijiimarisha, akapata 6 nyingine. Sasa anajihami kwa nguvu 29. Mwenzake anatoka bondeni na 20 zake. Tofauti ni 9: anayepanda anapoteza alama 43 hivi, aliye juu anapoteza 21. Askari ni walewale, silaha ni zilezile. Zamu inayofuata hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kila alama 10 za uhai zinazopotea hukipunguzia kikosi nguvu 1. Mshambuliaji anarudi akiwa na 16 na mlinzi ana 27. Pengo limekuwa 11, na bado hajafika kileleni.

Ethiopia ya Menelik II, iliyoingizwa Julai 2020, imejengwa juu ya hali kama hiyo: vikosi vyake vyote hupata nguvu 4 za ziada vikiwa vilimani. Mlinzi yuleyule, akiwa Mhabeshi, anafika 33. Anayempandia atapoteza nusu ya uhai wake kwa pigo moja, naye atamkwaruza kwa alama 18 tu. Ni heshima kwa nchi ya milima iliyowashinda Waitalia Adwa mwaka 1896. Kongo ya Mvemba a Nzinga nayo ina Ngao Mbeba, askari ambaye Mswahili anamwelewa kwa kusikia neno la kwanza tu la jina lake: anapata 10 za ziada akilindwa na ngao yake dhidi ya wanaorusha silaha kwa mbali, na misitu haipunguzi mwendo wake.

Nyongeza hizo zote zina sharti. Ukishuka kilimani, 3 zimekwenda. Ukitoka ulipojiimarisha kwenda kushambulia, 6 zimekwenda. Hata nyongeza ya kumzunguka adui, 2 kwa kila kikosi rafiki kinachomgusa, hudumu pale tu wenzako wanaposimama mahali panapofaa. Nyongeza ya aina hii ni mali ya mahali na wakati.

Cheo ni kitu kingine, maana askari hutembea nacho. Katika toleo la sita, kikosi kikijikusanyia alama 15 za uzoefu hupanda cheo cha kwanza, kisha kinahitaji 30 zaidi kwa cha pili, na kuendelea. Askari wa panga na marungu huchagua kati ya njia mbili mwanzoni: nguvu 7 za ziada dhidi ya askari wa miguu wenzake na warusha mishale, au 10 anapojihami dhidi ya mashambulio ya mbali. Mwisho wa njia hizo kuna cheo kinachomruhusu kushambulia mara mbili katika zamu moja. Na siku ya kupandishwa cheo kikosi kinarudishiwa alama 50 za uhai, kwa gharama ya zamu yake. Wachezaji wazoefu hukiweka cheo akiba kama dawa: kikosi kikibaki na uhai wa 20, ndipo wanapokichagua.

Utaratibu huo unamfanya mchezaji ampende askari wake. Mpiganaji wa rungu wa zamu ya 5 anaweza kuboreshwa hadi kushika bunduki karne nyingi baadaye, na vyeo vyake vyote anavyo. Ila akifa, kila kitu kimekufa, kama kingi wa drafti. Ndiyo sababu mchezaji mzuri wa toleo hili hujifunza kurudi nyuma mapema.

Toleo la saba limeufuta mpango huo. Askari wa kawaida hapati uzoefu hata apigane vita mia. Vikosi vinavyopigana karibu na kamanda wa jeshi humletea yeye alama, naye ndiye anayepanda vyeo katika njia tano: ulinzi, mashambulizi, ugavi, mwendo na uongozi. Askari mpya aliyesajiliwa jana, akisimama ndani ya eneo la kamanda, anapigana kwa nyongeza zilezile za mkongwe. Kamanda akiuawa hapotei kabisa. Hurejea baada ya zamu kadhaa. Na enzi moja ya mchezo inapokwisha na nyingine kuanza, yeye huvuka na vyeo vyake. Buganda, jirani wa ng'ambo ya Ziwa Viktoria, imo katika toleo hilo, na kamanda wake wa pekee anaitwa Mwami, mwenye askari wanaoitwa Abambowa. Jina limechaguliwa vizuri, kwani katika Buganda ya karne ya 19 cheo kilitolewa na Kabaka kwa mtu, na nguvu ya watu wake ilifuata kiti alichopewa.

Je, ni toleo lipi linalokaribia ukweli? Ukanda wa Kahama una ushahidi wake. Anayepanda basi Kahama kuelekea Nyakanazi hupita Runzewe, na huko ndiko Watuta, tawi la Wangoni, walikoweka makazi katika karne ya 19. Mbinu za Kingoni zilimfikia mtemi Mirambo wa Urambo, aliyezaliwa karibu mwaka 1840, naye aliwafanya Watuta washirika wake na kuwajaza rugaruga, wapiganaji wake, mikuki na bunduki. Alijua thamani ya nyongeza za mahali. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora wakiongozwa na Soud bin Sayd waliiteka ngome yake ya Wilyankuru. Wakati wanarudi wamelemewa na ngawira, Mirambo aliwavamia kutoka kwenye majani marefu pande zote mbili za njia. Soud akauawa. Ardhi, kuzingira na adui aliyechoka, vyote vilihesabiwa kwa wakati mmoja.

Vyeo ndivyo vilivyomponza. Mirambo aliongoza mwenyewe, na nguvu ya rugaruga ilitegemea yeye kuwepo. Watemi wengi aliowashinda waliendelea na koo zao kama zamani. Alipofariki Desemba 1884, nduguye Mpandashalo alirithi jina la utawala bila ule uzoefu, na himaya ikamomonyoka.

Mwezi huohuo alifariki jirani yake wa kusini, Nyungu ya Mawe, aliyeitawala Ukimbu kwa rugaruga wakali wa namna ileile. Yeye alifanya jambo jingine: aliwapandisha wasaidizi wake kuwa watwale, akawagawia maeneo juu ya watemi wa zamani, nao wakawajibika kukusanya pembe za ndovu na kuzileta kwake. Kwa lugha ya toleo la saba, Nyungu alifundisha makamanda kadhaa, ilhali Mirambo alimlimbikizia mmoja kila kitu.

Anayeanza toleo la saba leo hukutana na uamuzi huo mapema, pale anapokuwa na dhahabu ya kutosha kupata kamanda wa pili. Wengi humwacha, wakamlisha vita vyote yule wa kwanza, kwa kuwa alama zake hupanda haraka na njia zake hufunguka. Kisha vita vinafumuka upande wa pili wa ramani, na huko askari wanasimama na namba zao tupu, bila mtu wa kuwaongezea chochote. Ukimbu haukupatwa na hilo. Baada ya Nyungu, binti yake Mgalula alishika utawala, watwale wakabaki katika maeneo yao, na mfumo ukasimama hadi Wajerumani walipouvunja katika miaka ya 1890.