Miguu Inayojua Mteremko

Msimu wa kiangazi magari ya watalii hupita Karatu mjini tangu alfajiri, yakapanda hadi lango la Loduare na kuingia Ngorongoro. Wageni hushushwa kreta kwa gari, hutazama simba wakiwa ndani ya gari, na jioni hurudishwa kwa gari. Siwalaumu, na kazi hiyo inalisha kaya nyingi za kwetu. Lakini mbele zaidi, kaskazini-mashariki, ukishaipita Olmoti na kijiji cha Nainokanoka, ipo Empakaai, na huko gari linaishia ukingoni. Kushuka ziwani ni kwa miguu. Ninachotaka kukisifu hapa ni ufundi wa kutembea mteremkoni msituni, ufundi ambao wengi hawauhesabu kuwa ufundi kwa sababu kila mtu ana miguu.

Sisi wa Endamarariek tungepaswa kuwa wa kwanza kuuheshimu. Hapa mtoto hujifunza mapema kwamba mlima haushukwi wima. Unaukata kimshazari, unageuka, unaukata tena. Anajua kwamba udongo wetu mwekundu ukilowa hukamata kiatu, na kwamba hatari kubwa iko siku ya pili baada ya mvua, juu pamekauka na chini bado ni utelezi. Mtazame mama anayetoka mnadani na mzigo kichwani akivuka korongo. Haangalii vidole vyake. Macho yake yako hatua nne au tano mbele, mguu unafuata kile ambacho jicho limeshakubali, na shingo haitikisiki. Ningekuwa na mamlaka ningempa cheti, kama anavyopewa fundi seremala.

Empakaai ni kreta yenye upana wa kilomita 6 hivi, na karibu nusu ya sakafu yake ni ziwa la maji ya magadi, lenye kina kinachofika mita 80 au zaidi. Kuta zake zimefunikwa na msitu. Siku ya mbingu safi, ukiwa ukingoni, unauona Ol Doinyo Lengai ukiwa peke yake, mweupe kileleni kwa majivu yake, na nyuma yake bonde linaloelekea Natron. Asubuhi nyingi, hata hivyo, huoni chochote: ukungu umejaa, baridi inauma, na askari mwenye bunduki anakusubiri akiwa amejifunika shuka. Bila yeye hushuki. Msitu ule una nyati.

Mtu huyo ndiye bwana wa ufundi ninaousema. Askari aliyeshuka na kundi letu alikuwa kijana mpole wa maneno machache. Kabla ya hatua ya kwanza alichota vumbi, akaliachia taratibu kutoka mkononi, akatazama linaelekea wapi. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda bondeni. "Basi tutaongea kidogo, mwalimu," akasema, "ili watusikie mapema wasishtuke." Nyati aliyeshtuliwa karibu ndiye nyati mbaya; aliyekusikia toka mbali huenda zake. Hapo nilielewa kwamba ukimya, tunaodhani ni adabu ya msituni, una mahali pake na kelele nayo ina mahali pake, na mjuzi ni yule anayejua lini ni lini.

Njia inakwenda kwa kona. Wanaoitunza wameichimbia vijifereji vya kuvusha maji pembeni, maana maji yakipewa njia ya watu kuwa mto, mvua kadhaa tu zinatosha kuifanya korongo; hilo hakuna mkulima wa Karatu wa kuelezwa. Kijana alishuka magoti yakiwa yamelegea, hatua fupi, mguu wote ukikanyaga kwa mara moja. Mahali penye mizizi iliyolowa aliweka unyayo kwa upande. Mara akasimama. Kinyesi cha nyati kilikuwa njiani, kimeanza kukauka ukingoni lakini katikati bado kinang'aa, na nzi wametua. Akainama, akasogeza ganda la juu kwa kijiti, akasikiliza. Kima walikuwa wanakula juu ya mti bila wasiwasi. Kulukulu akaruka, mabawa yake yakawaka mekundu. "Wako mbali sasa," akasema, tukaendelea. Kinyesi, nzi na kima, vyote alivisoma kwa muda ambao mimi nilikuwa bado natafuta pa kushika.

"Kanyaga nilipokanyaga," aliniambia pale penye utelezi wa matope. Agizo hilo ni la kale kuliko sote. Huko Laetoli, ndani ya hifadhi hiihii, timu ya Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Mstari wake una urefu wa mita 27 hivi. Na wachunguzi waliona kwamba katika njia mojawapo kuna aliyekuwa anakanyaga ndani ya nyayo za aliyemtangulia. Kila nikilifikiria jambo hilo natulia. Mafunzo haya yameanza nyumbani kwetu.

Chini kabisa msitu unaachia ghafla, unatokea kwenye ufuko wa matope na harufu ya magadi. Heroe walikuwa wametanda kando ya maji, vichwa vimeinamishwa, wakichuja chakula chao. Tulikaa. Sitasema mengi juu ya uzuri wa ziwa. Picha zake ni nyingi.

Kupanda ndiko kunakompima kiongozi. Njia ni ileile, kuta zina karibu mita 300, na hewa ya juu ni nyepesi. Kijana alimwita yule aliyekuwa anahema zaidi katika kundi letu, mama mmoja wa makamo, akamweka nyuma yake mara moja, wa pili katika mstari. Wenye nguvu tukawekwa mwisho. Mwendo wote ukawa wa yule mama, na hakuna aliyebaki nyuma wala aliyeona aibu. Nimeona misafara mingi ikiongozwa kinyume cha hivyo, wenye mbio mbele na wachovu peke yao nyuma, na nasema wazi kwamba huo si uongozi.

Walimu wa Endamarariek, Rhotia na Mbulumbulu, mnapopanga ziara ya shule Ngorongoro, msiishie kwenye dirisha la basi. Ombeni siku moja ya Empakaai. Agizeni askari mapema, anzeni asubuhi, kila mtoto awe na maji na sweta, na mtoto mwenye miguu mizito mumweke wa pili.